Mwalimu wa Zamu Ndani ya Pikipiki

Pikipiki ya mjomba wangu ina mwalimu wa zamu ndani yake. Ukikaza mkono mpaka mita isome hamsini, inakataa kuendelea. Haizimi, haikohoi, haileti fujo. Inakataa kwa adabu tu, kama mtoto wa pasta ukimwambia twende tukaruke ua wa shule. Huko kiwandani ilikotoka walishaamua kwamba mteja wao hana akili ya kujizuia, wakamwekea kidude cha kumzuia. Vitabuni kinaitwa kidhibiti mwendo. Stejini kwetu Uriri, pale kituo cha bodaboda, wanakiita gavana. Mimi nilipinga jina hilo. Gavana humwoni mpaka kampeni, lakini huyu yuko kazini kila siku, kila kilima, amesimama langoni na kiboko. Huyo ni mwalimu wa zamu.

Tena ni pikipiki ya stima, ya betri. Haina moshi, haina mlio. Inakuja kama paka. Kuku wa Uriri walichukua miezi kuielewa, na kuna mmoja hakuwahi kuelewa.

Waendesha bodaboda wenzake mjomba pale stejini walimfurahia sana. Unajua Kiswahili kina neno moja linalofanya kazi mbili: pole ya kwenda taratibu na pole ya kufiwa. Basi kila mjomba akirudi stejini baada ya kupeleka abiria, wanaume wazima wanavua kofia, wanasimama mmoja mmoja kumpa mkono.

"Pole, ndugu yetu."

"Pole sana."

"Tumesikia. Ulikuwa na abiria wa Awendo. Alikuwa kijana alipopanda."

Mjomba anajibu, "Asanteni, Mungu ni mwema," na kuketi kwenye pikipiki yake akisubiri zamu. Hajui kukasirika vizuri. Hata mimi namchokoza bure, ingawa mimi nina leseni. Mimi ni okewo wake, yaani mtoto wa dada yake, na kwa Wajaluo okewo akiwa kwa wajomba anaweza kusema neno ambalo mwingine angepigwa nalo. Ni cheo pekee nilicho nacho duniani, na nakitumia kila likizo.

Mambo yangebaki hapo, ya utani wa stejini, kama mjomba hangekuwa anataka kuoa.

Mchumba wake ni fundi cherehani wa Homa Bay, na kwao ni nyuma ya kilima cha Asego. Mara ya kwanza tulipoenda kujitambulisha, mjomba alitangulia na pikipiki yake, na wazee wetu wakafuata kwenye gari la kukodi. Adabu inasema bwana harusi mtarajiwa akiongoza, hapitwi. Kwa hiyo gari zima la wazee wenye njaa lilitambaa nyuma ya ile hamsini kutoka Uriri mpaka Homa Bay. Kwenye vilima haikuwa hata hamsini. Mzee mmoja alishuka kujisaidia, akarudi akatupata palepale tulipomwacha, au karibu na hapo.

Tulifika sahani zikiwa zimeoshwa. Wenyeji walikuwa wamengoja, wakachoka, wakala. Shangazi wa bibi harusi ndiye aliyetupokea. Huyo ni dada ya baba yake, mama mmoja mwenye sauti ambayo haihitaji maikrofoni, na kwenye boma lile neno lake ndilo la mwisho. Alimtazama mjomba kutoka viatu mpaka kofia ya helmeti.

"Msichana wetu si chakula cha kupashwa moto," akasema. "Leo nimesamehe. Mkija kuleta mahari na mkachelewa tena, msiingie. Geukieni hapo hapo langoni, na msirudi. Mmesikia?"

Wazee wote walisikia. Nadhani hata ng'ombe wa majirani walisikia.

Mjomba hakulala vizuri baada ya hapo. Anampenda yule fundi wake kwa namna ya kutia huruma. Shati zake zote zina vifungo vipya hata pale ambapo cha zamani hakikuwa kimeng'oka. Siku ikapangwa, Jumamosi, saa sita mchana. Ningemshauri apande gari na wazee yaishe, na kweli nilimshauri.

"Nikafike kwa watu nimebebwa kama gunia la omena?" akaniuliza. "Nilishawaambia nina usafiri wangu. Nitafika na usafiri wangu. Ila huyo mwalimu wako wa zamu, okewo, lazima atafutiwe uhamisho."

Uhamisho wenyewe aliutafutia Migori mjini, jioni ya Ijumaa, kwa fundi mmoja wa simu mwenye kibanda kinachotazamana na wauza mitumba. Mtu wa stejini alikuwa amemwambia mjomba kwamba huyo fundi anauza "dawa ya gavana". Fundi alifungua droo iliyojaa chaja zilizokufa, akatoa kisanduku cheusi, kidogo kama kiberiti, chenye nyaya mbili tatu. Kilikuwa na karatasi ya maelezo, yote kwa Kichina.

"Hiki kinafanya nini hasa?" nikauliza.

"Kinafungua."

"Kinafungua vipi?"

Fundi akaitazama ile karatasi muda mrefu, akaigeuza juu chini, akaitazama tena, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani.

"Kijana," akasema, "wewe unasoma?"

"Niko kidato cha tatu."

"Basi hii ni ya kidato cha nne."

Alikifunga chini ya kiti, akaunganisha na nyaya za gurudumu, akapiga ile sehemu makofi mawili kama anabariki mtoto. Mjomba alitaka kuijaribu palepale, lakini barabara ilikuwa imejaa watu wa soko, mikokoteni, na mbuzi mmoja asiye na haraka. Tukarudi Uriri mdogo mdogo nyuma ya lori la mchanga. Kwa hiyo hakuna aliyejua kama dawa imekubali.

Asubuhi ya Jumamosi mjomba alivaa tai. Nayo ilishonwa na mchumba wake, nyekundu, ndefu kiasi cha kufunga mlango. Mimi nikapewa kazi ya kukumbatia mfuko wa mikate ya wakwe. Wazee wangetoka baadaye kidogo na gari lao, na safari hii waliapa hawatamfuata mtu. Sisi tukatoka saa tatu, ili tuwe na akiba ya muda kama dawa ya fundi itakuwa ni maji ya mfereji.

Tulipoiacha steji, wenzake walisimama wote. "Pole!" wakapaza sauti. "Msalimieni Krismasi mkifika!"

Barabara ilikuwa tupu. Mjomba akakaza mkono. Nikaona kofia yangu ya shule ikiondoka kichwani, ikaenda zake kuelekea Tanzania.

"Anko!" nikasema. "Imekubali!"

"Imekubali nini?" akajibu kwa uchungu. "Angalia mita! Ishirini na tano!"

Nikachungulia begani kwake. Kweli mita ilisoma ishirini na tano. Nikatazama pembeni. Miti ilikuwa inapita kama wanafunzi waliosikia kengele ya chakula.

"Fundi ameniua," mjomba akasema. "Jana ilikuwa inafika hamsini. Leo inafika ishirini na tano. Amemtoa mwalimu mmoja, ameleta wawili!"

Akakaza zaidi. Mita ikapanda kwa shida: thelathini, thelathini na tano. Tai yake iliruka begani ikaanza kunichapa usoni. Machozi yakanitoka, na hayakuwa ya huzuni. Karibu na Awendo tukapita trekta la miwa, halafu tukapita gari la abiria, halafu tukapita gari dogo ambalo dereva wake alitutazama kama ameona mzoga umefufuka.

"Leo watu wanaendesha kama wagonjwa," mjomba akasema. "Yaani hata mimi na thelathini na tano yangu nawapita!"

Hapo ndipo nikaelewa. Sijisifu, mwalimu wangu wa fizikia mwenyewe atawaambia mimi si mtu wa kusifiwa. Ila uongo naujua, nimesoma bweni. Kile kisanduku hakikuwa kimemfukuza mwalimu wa zamu. Kilikuwa kinamdanganya. Ni kama kiranja wetu wa zamani, ambaye tukichelewa kumi aliandika watano, wale watano wengine wakiwa rafiki zake. Gurudumu linazunguka mara mbili, kisanduku kinaripoti mara moja. Mwalimu anaona watoto wanatembea polepole, anakunja kiboko chake, anaenda kunywa chai. Na kwa kuwa mita nayo inasoma ripoti ile ile, nayo inaonyesha nusu. Thelathini na tano ya mjomba ilikuwa sabini.

"Anko, mita inadanganya!" nikapiga kelele. "Tunaenda mara mbili!"

Upepo ukachukua nusu ya maneno.

"Twende mara mbili?" akasema. "Hata mara moja hatujafika!"

"Punguza!"

"Nisipunguze? Sawa, sipunguzi!"

Nikaona nifunge mdomo, kwa sababu kila nilichosema kilituongezea mwendo, na wadudu walikuwa wanaingia.

Rongo tulisimama kubadilisha betri. Kijana wa kituo alishangaa tulivyoimaliza haraka ile ya kwanza. Nilimweleza mjomba tena, taratibu, kwa mkono, kwa mchoro kwenye vumbi. Alinisikiliza kama mtu anavyomsikiliza mtoto anayesimulia ndoto.

"Okewo," akasema, "binadamu anadanganya. Fundi anadanganya. Mita itadanganya ili ipate nini?"

"Tazama saa basi. Ni mapema."

"Saa ya simu yako? Ile iliyopasuka kioo?" Akavaa helmeti. "Panda. Shangazi alisema tugeukie langoni. Mimi sigeukii langoni."

Tukapanda. Kutoka Rongo kwenda Homa Bay nilikumbatia ile mikate kama mama yangu mzazi, na nikafanya sala ambazo sikuwa nimezifanya tangu mtihani wa hesabu.

Sasa, kuna jambo ambalo lazima lieleweke. Kwetu, mama mkwe anaitwa maro, na mkwe na maro wake wana heshima kali kati yao. Hawakai karibu, hawatazamani usoni, hawali mmoja mbele ya mwenzake. Maro hukutana na mkwe akiwa amevaa, amejifunga kitambaa, ameketi, na watu wako katikati. Kuchelewa kwa wakwe ni aibu. Lakini kuchelewa angalau kuna adhabu inayojulikana. Kufika mapema mno, peke yako, bila wazee, bila mlio, hilo hata adhabu yake haijawahi kutungwa, kwa sababu hakuna aliyedhani mtu atalifanya.

Lango lilikuwa wazi. Tukaingia kimya kama moshi, moja kwa moja mpaka katikati ya boma, na mjomba akafunga breki.

Maro alikuwa anafukuza jogoo.

Alikuwa na leso moja, imefungwa juu ya kifua, na upande mmoja wa nywele umesukwa, upande wa pili umesimama wima ukisubiri zamu yake. Alikuwa na mwiko mkononi. Jogoo, ambaye nadhani alikuwa ndiye chakula chetu cha mchana, alikimbilia chini ya pikipiki ya mjomba kutafuta hifadhi. Maro akainama kumfuata. Akaona gurudumu. Akaona viatu vilivyopigwa rangi. Akapandisha macho taratibu, suruali, tai nyekundu, helmeti, mpaka yakakutana na macho ya mkwe wake.

Hakuna aliyepumua. Hata jogoo.

Kisha maro akafanya jambo la busara kuliko yote niliyoyaona mwaka huo. Karai la kuoshea vyombo lilikuwa pale pembeni. Akalichukua, akajifunika nalo kichwa chote mpaka mabegani, akasimama.

"Boma hili halina mtu," sauti yake ikatoka ndani ya karai, na mwangwi. "Na mimi sijaona mtu."

Mjomba naye alikuwa ameruka chini na kugeukia ukuta wa jikoni, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. "Mos, Mama," akauambia ukuta. Hiyo ni pole kwa Kijaluo, na nayo ina kazi zile zile mbili. "Mos. Mos sana."

"Ukuta unaongea," karai likasema. "Mtu auambie ukuta unyamaze."

Mimi nilikuwa bado juu ya pikipiki, nimekumbatia mikate, na sikuwa na ukuta. Ndipo shangazi akatoka ndani, povu la dawa ya meno mdomoni.

Alitazama karai. Alitazama mgongo wa mjomba. Akatema povu, akajifuta.

"Mara ya kwanza mlikuja tumeshaosha sahani," akasema. "Leo mmekuja kupika?"

"Shangazi," mjomba akaanza, bado anaongea na ukuta, "nilikuwa naogopa kuchelewa..."

"Wazee wako wako wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma wapi?"

Nikajibu mimi, "Nyuma kabisa. Sidhani kama wametoka."

"Yaani umekuja kuomba msichana wetu wewe na huyu mtoto na mikate?" Akaikagua mikate. Upepo na hofu yangu vilikuwa vimeigeuza kuwa chapati. "Na umemkuta mama yako mkwe na leso. Mimi sijui hili linaitwa nini. Kwetu halijatokea. Ninyi wa Uriri, hamna katikati? Ni kuchelewa au kuvamia?"

Hapo niliona mambo yameharibika kweli. Mabega ya mjomba yaliteremka. Yule mtu ambaye steji nzima haiwezi kumkasirisha akauegemea ukuta kwa helmeti. Mdomo wangu, ambao hauna breki, ulikuwa na utani tayari, nikaumeza. Ulikuwa mzuri pia.

Shangazi akalitazama karai tena. Kisha nikaona kona ya mdomo wake inacheza. Akageuka haraka akatazama pembeni, kama anakagua migomba.

"Mtu hajafika mpaka akaribishwe," akasema hatimaye. "Mimi sijakaribisha mtu. Wifi, wewe umeona mtu?"

"Nimesema sijaona," karai likajibu.

"Basi hamjafika. Tokeni. Na mkae huko barabarani mpaka wazee wenu waje, kisha mje kama watu. Hiyo pikipiki isiwashwe hapa. Isukumeni! Na tusisikie hata mkisukuma!"

Tukaisukuma mpaka barabarani, mlima mtupu, jogoo akitusindikiza mpaka langoni kama mwenyeji mwema.

Tulikaa chini ya kibao cha kanisa. Mchumba wa mjomba akaja na chupa ya chai, amejifunika mdomo kwa kanga. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka mpaka kikombe kinagongana na chupa.

"Mama amekataa kutoa karai," akasema. "Anasukwa hivyo hivyo, wanampenyezea mkono chini."

"Nilitaka tu nisichelewe," mjomba akasema. "Hata kidude cha kumtoa gavana nilifungiwa Migori."

"Nani alikwambia nataka mtu wa mbio? Mimi nashona kanzu ya padri wiki nzima. Umewahi kunisikia nikilalamika?" Akageukia pikipiki. "Kiko wapi hicho kidude?"

Nilikichomoa mimi, nikarudisha nyaya zilivyokuwa. Akakitia kwenye mfuko wa aproni yake pamoja na sindano, na sijakiona tena.

Wazee walifika saa sita kasorobo, wakatukuta tumeketi kwa heshima. Tukaingia pamoja, kwa miguu. Maro alikuwa ameketi mbali kabisa, gauni refu, kitambaa, nywele pande zote mbili sawa. Alitusalimia kama watu ambao hajawahi kuwaona maishani, akauliza kama safari ilikuwa njema. Jogoo alikuwepo pia, mezani. Mazungumzo yakaenda vizuri, mahari ikapokelewa, na mjomba akakubaliwa kuwa mkwe wa boma lile mbele ya mashahidi.

Tulipokuwa tunaaga, shangazi akaleta kitu kilichofungwa kwenye gazeti. "Mama yako mkwe anasema hakujui vizuri bado," akamwambia mjomba, "lakini anakuomba jambo moja." Mjomba akafungua. Ilikuwa kengele ya ng'ombe, ile ya chuma, kubwa. "Ifunge mbele ya pikipiki yako. Ukija hapa, aisikie kutoka kilimani. Apate nafasi ya kuvaa."

Ikafungwa palepale, kwa kamba ya katani. Tukaondoka tukilia ng'ang'ang'ang', na watoto wa Homa Bay wakikimbia barabarani kutafuta ng'ombe.

Tulipotoka kwenye kilima, mjomba akakaza mkono kwa wasiwasi. Mita ikapanda: thelathini, arobaini. Ikafika hamsini. Mwalimu wa zamu alikuwa amerudi kazini, na hakupokea ripoti ya kiranja yeyote. Konda wa gari moja lililotupita alituchungulia dirishani akatuonea huruma. Trekta la miwa likaanza kutukaribia nyuma.

"Okewo!" mjomba akapiga kelele kwa furaha, sauti ikishindana na kengele. "Umeona? Hamsini! Asubuhi ilikuwa inakwama thelathini na tano. Sasa ndiyo inakimbia!"

Nilifungua mdomo nimweleze. Kisha nikamwona kwenye kioo cha pembeni, tai imetulia kifuani, meno yote nje. Nikaufunga.

"Punguza kidogo, Anko," nikamwambia. "Unaniogopesha."

Stejini sasa hawampi pole tena. Kengele ikisikika kutoka mbali, mmoja anasimama, anapanga wenzake mstari, na kutangaza: "Sogeeni, sogeeni! Ng'ombe wa mahari anapita!"